Kushawishi au Kuamua: Historia ya Usuluhishi wa Migogoro katika Mabaraza ya Tanzania Bara, 1926–2021

1.0 Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi na kuliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Tangu hapo, kazi ya Baraza hilo katika migogoro ya ardhi imekuwa kusuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha wadaawa ndani ya siku 30, mdaawa anaweza kulipeleka shauri lake katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni rahisi kuyasoma mabadiliko hayo kama kurejea kwenye desturi ya kale, ambapo wazee walikaa pamoja, wakasikiliza pande zote na kuwarudisha wagomvi nyumbani wakiwa wamepatana.

Insha hii inaonyesha kuwa usomaji huo hauungwi mkono na historia. Swali linaloiongoza ni hili: nini huupata usuluhishi pale msuluhishi anapopewa nguvu ya kuamua, na nini huupata anaponyimwa nguvu hiyo? Hoja kuu ni kwamba mabaraza ya Tanzania Bara yaliyopewa kazi ya kusuluhisha hayakuwahi kufanya kazi bila nguvu fulani nyuma yake. Kilichobadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine ni mwenye nguvu hiyo: ukoo na rika, mtemi na serikali ya kikoloni, chama, halmashauri, na hatimaye karatasi inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Kwa sababu nguvu hiyo haikutajwa waziwazi katika jina la baraza, mara nyingi upande dhaifu ulikubali masharti bila kujua ulikuwa ukishawishiwa au ukiamuliwa.

Mjadala umejikita katika Tanzania Bara. Zanzibar ina historia yake ya Mahakama za Kadhi na sheria zake za ardhi, ambayo inastahili kuchunguzwa peke yake.

2.0 Dhana ya Usuluhishi na Utendaji Wake

Neno usuluhishi linatokana na suluhu, lenye asili ya Kiarabu. Karibu nalo yako maneno mawili ya Kibantu: kupatanisha, yaani kuwafanya watu wapatane, na kuamua. Hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa mjadala huu, kwa kuwa limebeba maana mbili. Anayeingia kati ya watu wanaopigana na kuwatenganisha husemwa ameamua ugomvi. Na hakimu anayetamka nani mwenye haki naye husemwa ameamua. Lugha yenyewe, kwa hiyo, inaweka katika kitenzi kimoja kazi ya kuzuia madhara na kazi ya kutoa hukumu. Sheria ya kisasa imejaribu kuzitenganisha kazi hizo, na mifano itakayofuata inaonyesha kuwa utenganisho huo haukuwa mwepesi.

Katika utendaji, usuluhishi una hatua zinazotambulika. Msuluhishi huzisikiliza pande zote mbili zikiwa pamoja, na inapobidi huongea na kila upande peke yake. Hutafuta kujua kile ambacho kila mmoja anakihitaji hasa, maana mara nyingi hicho hutofautiana na kile anachokidai. Anayedai hatua tatu za shamba huenda anachohofia ni kufungiwa njia ya kupeleka ng'ombe mtoni. Baada ya hapo hupokewa mapendekezo, hupimwa, na kama yamekubaliwa huandikwa na kutiwa saini. Katika hatua hizi zote, uwezo wa kukataa hubaki mikononi mwa wahusika. Hakimu humaliza shauri hata kama aliyeshindwa hakuridhika, ilhali msuluhishi hana cha kumaliza ikiwa mmoja wao hajakubali.

Kutokana na tofauti hiyo hutokea jambo jingine. Mbele ya mtu asiyeweza kumhukumu, mdaawa anaweza kukiri sehemu ya kosa lake, kwa sababu kukiri huko hakumpotezei shauri. Mbele ya mtu atakayetoa hukumu jioni hiyohiyo, kila neno hupimwa kwanza. Kwa hiyo mamlaka ya kuamua hubadili kile kinachosemwa barazani tangu mwanzo, hata kama mamlaka hayo hayatatumika.

3.0 Ukoo, Mtemi na Serikali ya Kikoloni

Utafiti wa P. H. Gulliver miongoni mwa Waarusha wa mteremko wa Mlima Meru, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1963, ni miongoni mwa kazi zinazoeleza kwa kina namna migogoro ilivyomalizwa nje ya mahakama. Gulliver alionyesha kuwa mhusika hakwenda barazani peke yake. Alikwenda na watu wa ukoo wake, wa rika lake au wa eneo lake, kulingana na aina ya mgogoro. Mapatano yalipatikana kwa majadiliano marefu, na matokeo yake yaliakisi kwa kiasi kikubwa uwezo wa kila upande wa kukusanya watu na kusimama imara. Hapakuwa na hakimu, lakini nguvu ilikuwapo: ilikuwa ni idadi na uzito wa wale waliokaa nyuma ya mzungumzaji. Mtu mwenye ukoo mdogo, au mwanamke aliyelazimika kusemewa na ndugu wa kiume, aliingia katika majadiliano akiwa tayari amepungukiwa.

Mfano wa pili unatoka Kilimanjaro, ambako mmea wa isale hutumika kuweka mpaka wa kihamba, na mmea huohuo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Matumizi hayo mawili yanaeleza jambo kuhusu mantiki ya upatanishi katika jamii ya majirani wa kudumu. Mpaka ukishawekwa upya, watu wa pande zake mbili wataendelea kuonana kila siku, na mpaka usioambatana na msamaha hautadumu. Mantiki hiyo ilikuwa na gharama pia: anayeombwa msamaha kwa isale hubanwa na macho ya jamii nzima, na kukataa kwake huonekana kuwa kosa jipya.

Utawala wa Wajerumani uliingiza sura nyingine. Kupitia maakida na majumbe, na katika ofisi za wilaya, neno shauri liliingia hata katika maandishi ya maofisa wa Kijerumani kwa maana ya kikao cha kusikiliza malalamiko. Umbo la kikao lilifanana na baraza la wenyeji, ila mwisho wake ulikuwa amri ya ofisa. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, waliurasimisha utaratibu huo kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, na Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya uangalizi wa maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu. Mtemi au mangi akawa mkusanya kodi, msimamizi wa amri za serikali na mwamuzi wa mashauri kwa wakati mmoja.

Matokeo yake ni kwamba kile ambacho baadaye kilikumbukwa kama "baraza la wazee" kilikuwa, kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya uhuru, sehemu ya utawala wa serikali. Mkulima aliyeshauriwa na mtemi apatane na jirani yake alijua kuwa mshauri huyo ndiye atakayemdai kodi. Hilo halikuufanya kila upatanisho kuwa wa kulazimishwa, lakini linazuia kuuchukua utaratibu wa kipindi hicho kuwa kielelezo cha hiari tupu.

4.0 Chama, Ndoa na Kata, 1963–1985

Baada ya uhuru, mamlaka ya machifu yalifutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaanzisha mfumo mmoja wa mahakama wenye Mahakama ya Mwanzo katika ngazi ya chini. Hukumu ikahamia kwa hakimu anayelipwa na serikali. Usuluhishi ulikosa makao rasmi, na nafasi hiyo ilijazwa na chama. Mabalozi wa nyumba kumi, waliowekwa na TANU kuanzia katikati ya miaka ya 1960, walijikuta wakipokea ugomvi wa majirani, madeni madogo na migogoro ya wanandoa. Mwaka 1969 yaliundwa mabaraza ya usuluhishi yaliyohusishwa na matawi ya TANU, yakiwa nje ya safu ya mahakama. Balozi hakuwa na uwezo wa kukazia hukumu. Alikuwa na uwezo mwingine: kadi ya chama na barua ya utambulisho, pamoja na sifa ya mtu mbele ya uongozi wa mahali pake, vilipitia kwake.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969. Kifungu cha 101 kinakataza mtu kuomba talaka mahakamani kabla ya kuupeleka mgogoro mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mhusika bila idhini ya baraza. Jumuiya za kidini nazo ziliweza kuwa na mabaraza yao yaliyotambuliwa.

Sheria hiyo ilibuni kitu kipya katika historia ya usuluhishi nchini: ilifanya kushindikana kwa usuluhishi kuwa tukio la kisheria lenye cheti chake. Baraza halikupewa uwezo wa kuvunja ndoa wala kugawa mali, lakini lilipewa ufunguo wa mlango wa mahakama. Nguvu ya baraza, kwa hiyo, ilikuwa ya kuchelewesha. Kwa wanandoa waliogombana kwa hasira ya muda, ucheleweshaji huo ungeweza kuokoa nyumba. Kwa mwanamke aliyekuwa akipigwa, kila kikao kilichoahirishwa kilimaanisha usiku mwingine chini ya paa lilelile. Watunga sheria waliliona tatizo hilo kwa sehemu, wakaweka hali ambazo sharti hilo halihusiki: mwenzi aliyetoroka na asiyejulikana alipo, aliyeitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika, aliyefungwa kifungo cha miaka 5 au zaidi, au pale mahakama inaporidhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida. Hata hivyo, msamaha wa mwisho hupatikana kwa kuiridhisha mahakama, na anayeuhitaji zaidi ndiye mwenye uwezo mdogo wa kuueleza kisheria.

Mwaka 1985, baada ya serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 kurejeshwa, Bunge lilitunga Sheria ya Mabaraza ya Kata, Na. 7 ya mwaka huo. Lengo la msingi la baraza lilitajwa kuwa kulinda amani na maelewano kwa kusuluhisha na kutafuta mwafaka wa haki. Wajumbe wake, kati ya 4 na 8, walitoka miongoni mwa wakazi wa kata. Baraza halikufungwa na kanuni za ushahidi wala za mwenendo. Na mawakili hawakuruhusiwa. Lakini sheria hiyohiyo ililipa baraza uwezo wa kutoa amri, zikiwamo za kulipa fidia na kurejesha mali. Maana mbili za kuamua zikakutana tena katika chombo kimoja. Asubuhi wajumbe walimhimiza mdaawa aseme yote kwa ajili ya amani, na mchana waliweza kuyatumia aliyoyasema kumwamuru alipe.

5.0 Ardhi na Kupanda kwa Mamlaka ya Kuamua

Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na kufanya kazi mwaka 1991 na 1992, ilipendekeza kuwapo kwa Baraza la Wazee la Ardhi katika ngazi ya kijiji. Nia ilikuwa kuweka utatuzi wa migogoro karibu na wanaoitumia ardhi na mbali na vyombo vya utawala. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilichukua umbo la pendekezo hilo bila kuchukua uhuru wake wote. Ilianzisha Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wasiopungua 3 wakiwa wanawake, wanaopendekezwa na Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa kuwa Halmashauri ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, chombo kinachogawa ardhi kikawa ndicho kinachopendekeza wasuluhishi wa migogoro inayotokana na ugawaji huo.

Sheria Na. 2 ya mwaka 2002 iliunganisha Baraza la Kata na mfumo huu. Wajumbe walibaki kati ya 4 na 8, sasa 3 wakiwa wanawake, na katika usuluhishi akidi ilikuwa wajumbe 3, angalau mmoja akiwa mwanamke. Baraza lilipewa pia mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Kiasi hicho kinaonekana kidogo kwa macho ya mjini, lakini kwa kaya nyingi za vijijini kilitosha kuwa shamba lote walilokuwa nalo.

Hapo ndipo mgongano wa kazi mbili ulipodhihirika. Uamuzi wa Baraza la Kata uliweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kisha Mahakama Kuu. Ngazi hizo za juu zilipokea jalada na kulikagua kwa kanuni za kimahakama: je, majina na jinsia za wajumbe viliandikwa? Akidi ilitimia katika kila kikao? Mara kwa mara mwenendo ulibatilishwa kwa dosari za namna hiyo, na wadaawa wakarudishwa mwanzo baada ya kutumia miaka na fedha. Wajumbe waliochaguliwa kwa sababu ya hekima na kuaminika kwao kwa majirani walipimwa kwa kipimo cha makarani wa mahakama. Kanuni zilizoondolewa mlangoni kwa jina la usuluhishi zilirudi kwa njia ya rufaa.

Marekebisho ya mwaka 2021 yalijibu tatizo hilo kwa kuondoa uamuzi na kubakiza upatanisho. Kwa upande mmoja, faida ni ya wazi: mdaawa anaweza tena kuzungumza bila hofu ya kuhukumiwa na walewale wanaomsikiliza. Kwa upande mwingine, mwenye nguvu anaweza kukaa kimya kwa siku 30 bila kupoteza chochote. Mjane aliyezuiwa shamba na shemeji zake, ambaye zamani angeweza kupata amri katika kata yake, sasa anapata suluhu iwapo tu wao wameridhia. Wasiporidhia, hana budi kusafiri hadi Baraza la Wilaya. Nauli, siku za kazi zilizopotea na gharama ya kuandikiwa maombi huwa sehemu ya majadiliano hata kama hakuna anayezitaja barazani. Anayezimudu anaweza kusubiri, na asiyezimudu atakubali kipande alichopewa.

6.0 Cheti cha Kushindwa kama Chombo cha Dola

Yakilinganishwa, mabaraza ya ndoa ya mwaka 1971 na mabaraza ya kata baada ya mwaka 2021 yana muundo mmoja: hayana uamuzi, lakini lazima yapitiwe, na mlango wa kutokea ni uthibitisho kwamba upatanisho umeshindikana, ingawa katika kata kupita kwa siku 30 bila suluhu nako hufungua njia. Uzito wa uthibitisho huo si wa nadharia. Mahakama ya Rufani imeshikilia kuwa maombi ya talaka yaliyofunguliwa bila cheti halali yamefunguliwa kabla ya wakati wake. Kwa msimamo huo, talaka iliyotolewa na mgawanyo wa mali ulioambatana nayo vinaweza kubatilishwa katika rufaa kwa sababu ya karatasi iliyokosewa mwanzoni. Katibu wa baraza anayeandika cheti vibaya anaweza kuharibu shauri ambalo hakuwa na uwezo wa kuliamua.

Eneo la kazi linatoa ulinganisho wenye manufaa. Sheria za kazi za mwaka 2004 zilianzisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo jina lake linazitaja kazi zote mbili bila kuficha. Msuluhishi hupewa siku 30, na mgogoro usiposuluhishwa huweza kwenda kwenye uamuzi au Mahakama ya Kazi. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaongeza jambo ambalo mabaraza ya kata hayana: mlalamikaji asipohudhuria, msuluhishi anaweza kuyaondoa malalamiko; na upande wa pili usipohudhuria, msuluhishi anaweza kutoa uamuzi. Nguvu hapa haimlazimishi mtu kukubaliana. Inamlazimisha kufika na kusikiliza, na kutofika kwake kuna gharama. Mwajiri hawezi kumchosha mfanyakazi kwa kutoonekana tu.

Tofauti hiyo inasaidia kutenganisha aina mbili za shuruti ambazo mijadala ya usuluhishi huzichanganya: shuruti ya kushiriki na shuruti ya kukubali. Ya kwanza humlinda mnyonge, kwa kuwa humweka mbele ya mwenye nguvu katika meza moja. Ya pili huuvunja usuluhishi. Sheria ya mwaka 1985 ilitoa zote mbili kwa pamoja. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliiondoa ya pili bila kuipa meno ya kutosha ile ya kwanza.

7.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa haionyeshi safari ya kutoka hiari ya wazee kwenda ubabe wa sheria na kurudi tena. Inaonyesha mfululizo wa mabaraza ambayo kila moja liliazima nguvu mahali fulani. Kwa Waarusha wa Gulliver nguvu ilitoka kwa watu walioketi nyuma ya mzungumzaji. Chini ya Waingereza ilitoka kwa serikali. Katika miaka ya 1960 ilitoka kwa chama. Baada ya mwaka 1985 ilitoka kwa sheria yenyewe. Mwaka 2021 sheria iliondoa uamuzi katika migogoro ya ardhi ikitarajia kuwa hiari itabaki. Kilichobaki pale wahusika wasipolingana ni uwezo wa mmoja wao kungoja.

Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama kukuza usuluhishi baina ya wahusika wa migogoro, na lengo hilo halina budi kuungwa mkono. Majirani wanaolima pande mbili za isale moja wanahitaji mapatano zaidi ya wanavyohitaji hukumu. Lakini ubora wa mapatano hayo haupimwi kwa idadi ya saini. Unapimwa kwa kuuliza kama aliyetia saini angeweza kukataa, na kama baada ya kukataa angekuwa na nauli ya kufika mahali pengine pa kusikilizwa. Watafiti watakaoyachunguza majalada ya mabaraza ya kata ya kipindi cha baada ya mwaka 2021 watapaswa kuanzia kwenye mashauri yaliyoandikwa kuwa yamesuluhishwa. Yale yaliyoshindikana yatakuwa na cheti chake na yatafuatiliwa ngazi ya juu. Haya mengine huishia katani, na humo ndimo suluhu ya kweli na kukata tamaa huweza kuandikwa kwa neno moja.